Mbio na Pasi Katika Kiwanja cha Runzewe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Rwanda au Burundi kwa barabara kuu hupita Dodoma, Singida, Nzega, Isaka na Kahama, na akishaziacha nyuma Masumbwe na Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, huingia Runzewe. Wako wanaouita mji huu Uyovu, kwa jina la kata yake. Wazee wa hapa walizoea kujiita watu wa Shinyanga, na kabla Bukombe haijawa wilaya walikuwa watu wa Kahama; tangu mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita, wamekuwa watu wa Geita bila ya kuhama hata hatua moja.

Hapa njia hugawanyika. Moja huendelea magharibi kuelekea Nyakanazi na mipakani. Ya pili hukata kaskazini kwenda Bwanga na Biharamulo, naye atakaye kufika Geita mjini hukunja kulia Bwanga akapita Katoro. Ndiyo maana Runzewe hailali. Malori ya mizigo husimama kando ya lami, madereva na utingo wakashuka kula wali na samaki kwa mama lishe, wapiga debe wakaita abiria, na vijana wakakimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na maji, mahindi ya kuchoma na chupa za asali ya misitu ya Bukombe. Wenyeji ni Wasumbwa. Wamechanganyika na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na Waha, na wachimbaji wadogo ambao leo wako duara hili na kesho lile, kwa kadiri habari za dhahabu zinavyowaita.

Katika mji wa namna hii mtu hujifunza mapema kwamba mzigo una njia mbili za kufika uendako. Waweza kuubeba mwenyewe begani hadi mwisho, ama waweza kumkabidhi mwenzako aliyekwisha tangulia. Makuli wa Runzewe hubishana juu ya jambo hilo kila gunia linaposhushwa. Jioni, wanapokwenda kiwanjani, ubishi ni huo huo. Gunia tu ndilo limegeuka mpira.

Kiwanja nilichokitembelea kiko mwendo wa dakika chache kutoka barabarani. Magoli yake ni ya miti, hayana nyavu, na moja limeinama kidogo upande wa kushoto kama mzee anayesikiliza. Udongo ni mwekundu, wenye changarawe. Upande wa mashariki uko juu kuliko wa magharibi, kwa hiyo timu zote mbili hupenda kushambulia kuelekea machweo, jua likawapiga usoni, wakafunga hivyo hivyo. Lakini kilema kikubwa cha kiwanja hiki ni njia ya miguu inayokikata kutoka pembe hadi pembe. Wenye baiskeli za mkaa na kina mama watokao kuchota maji wameipita miaka mingi hata ikawa kama mfereji, wenye kina cha kiganja cha mkono. Pasi ya chini ikifika pale huruka juu, au hupinda, au hufa.

Nilifika saa kumi na moja, vijana wakiwa wamegawana pande mbili, wenye fulana na wasio nazo. Miongoni mwao alikuwapo winga mmoja wa kulia, mwembamba, wa miaka kama 18, ambaye mchana hupakua magunia kwenye malori. Akipewa mpira hakuwa na habari ya mtu mwingine. Alimtoka beki wa kwanza kwa kasi, wa pili akampiga tobo, akamfikia wa tatu, na hapo aghalabu aliupoteza. Watazamaji walipiga kelele za furaha hata hivyo. Mwalimu wa timu, ambaye ni mwalimu wa shule kweli kweli na ana filimbi ya shule shingoni, hakufurahi.

"Pasi!" alifoka. "Mwenzako yuko peke yake pale!"

Mzee mmoja, dereva mstaafu aliyekaa juu ya tairi kuukuu, aligeuka. "Mwalimu, samahani. Mwache kijana akimbie. Huko mnakotaka mpira upite, utapita wapi?"

"Shikamoo mzee," alijibu mwalimu, ambaye katika harara ya mchezo alikuwa hajamsalimu.

"Marahaba. Nakuuliza, utapita wapi?"

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka. Baadaye, vijana walipokwenda kunywa maji, alinieleza kinachomsumbua. Kila mwaka huwapeleka vijana wawili watatu kwenye majaribio ya timu za mjini, nao hurudi. Wanaowachagua huko hawaulizi kijana anaweza kuwatoka watu wangapi. Huuliza anaugusa mpira mara ngapi kabla hajautoa. Kijana wa Runzewe huugusa mara saba. "Nao hawajui," alisema mwalimu, "kwamba akiutoa kwa mguso mmoja hapa kwetu, mpira haumfikii mtu."

Ndugu msomaji, ubishi huu wa mbio na pasi haukuzaliwa Runzewe. Una umri wa miaka zaidi ya 150, na umewashughulisha watu wenye viwanja vya majani kama zulia. Kanuni za kwanza za chama cha kandanda cha Uingereza, za mwaka 1863, zilimhesabu kuwa nje ya mchezo mtu yeyote aliyekuwa mbele ya mwenzake aliyeupiga mpira. Kwa maneno mengine, pasi ya mbele haikuwa halali. Kilichobaki ni mtu kuukokota mpira mwenyewe, wenzake wakimfuata nyuma kama nyuki, ili ukimponyoka waudake wao. Mwaka 1866 kanuni ililegezwa: mtu aliruhusiwa kuwa mbele, mradi kati yake na mstari wa goli wawepo wapinzani watatu. Waingereza wengi waliendelea na chenga zao, maana mazoea yana nguvu kuliko karatasi. Waskoti wa klabu ya Queen's Park ndio waliokuwa wepesi wa kuona kwamba mlango umefunguliwa. Tarehe 30 Novemba 1872, Scotland na England zilipokutana Glasgow katika mchezo wa kwanza wa kimataifa, wakokotaji walipambana na wapasiani wakatoka bila bao. Mwaka 1878 Scotland ilishinda 7–2, na wakokotaji wakaanza kujifunza.

Lakini mahali ambapo mizani hii imepanda na kushuka waziwazi kuliko pote ni katika mchezo ambao sisi hatuuchezi, nao ni ule ambao Wamarekani huuita futiboli, ingawa huchezwa zaidi kwa mikono. Timu mbili za watu 11 hugombea mpira wenye umbo la yai katika uwanja wa yadi 100. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Wakifaulu huongezewa nyingine nne. Wakishindwa, mpira huwa wa wenzao. Basi kila nafasi ina swali lile lile la mzee wa juu ya tairi: mpira abebeshwe mkimbiaji apenye katikati ya watu, au mrushaji auvurumishe hewani kwa mdakaji aliyekwisha tangulia mbele?

Hadi mwaka 1906 swali hilo halikuwapo, kwa sababu kurusha mbele kulikatazwa. Mchezo ulikuwa wa kubanana na kukanyagana, na madhara yake yalikuwa makubwa: katika msimu wa 1905 magazeti ya huko yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu viongozi wa michezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, akawataka wautengeneze mchezo. Mwaka uliofuata kanuni ziliruhusu mpira urushwe mbele. Tena ziliruhusu kwa kinyongo, kwani pasi iliyoanguka bila kudakwa iliadhibiwa vikali, hata makocha wengi wakaona ni kamari. Tarehe 1 Novemba 1913 chuo cha Notre Dame kiliifunga timu ya jeshi 35–13 kwa pasi ndefu za Gus Dorais kwa mwenzake Knute Rockne, na nchi nzima ikafahamu kwamba kamari ile huenda ikalipa.

Hata hivyo mkimbiaji hakuuacha ufalme wake upesi. Januari 1974, katika fainali yao kuu iitwayo Super Bowl, Miami iliishinda Minnesota 24–7, na mrushaji wa Miami, Bob Griese, alirusha mpira mara 7 tu mchezo mzima. Mkimbiaji wao, Larry Csonka, jitu la mwili kama mlango wa ghala, alipewa mpira mara 33. Alikuwa akiinamisha kichwa na kwenda mbele. Watazamaji walianza kuchoka, na wenye ligi wakalijua hilo. Mwaka 1978 kanuni zikabadilishwa tena: walinzi walikatazwa kumsukuma mdakaji baada ya yadi 5 za mwanzo, na wanaomkinga mrushaji wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1984, Dan Marino, naye wa Miami ile ile, alirusha mipira iliyojumlisha yadi 5,084 katika msimu mmoja, zaidi ya kilomita nne na nusu. Uwanja ulikuwa ule ule na watu walikuwa wa nchi ile ile. Kilichobadilika ni mistari michache ya maandishi.

Hapa pana jina la kwetu Afrika Mashariki. Pasi zilipokuwa nyingi, thamani ilimpanda mtu ambaye kazi yake ni kumfikia mrushaji kabla hajarusha. Mmoja wa watu hao alikuwa Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa mji wa Indianapolis, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, yule waziri mkuu wa kwanza wa Uganda aliyeuawa mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, akiwa Jaji Mkuu. Timu ya New York Giants ilimchagua mwaka 2006. Tarehe 5 Februari 2012 Super Bowl ilichezwa Indianapolis, katika mji aliozaliwa, na Giants wakaishinda New England, timu ya mrushaji mashuhuri Tom Brady, kwa 21–17. Mwaka uliofuata timu ya mji huo huo, Colts, ilimsajili Daniel Adongo, kijana wa Kenya aliyetoka katika raga, mchezo ambao hadi leo hauruhusu mpira kupasiwa mbele kwa mkono. Sijui kama kuna mtu aliyevuka kutoka zama moja kwenda nyingine kwa tiketi moja ya ndege kama yeye.

Wengi walidhani baada ya hapo mbio zimekwisha. Walinzi wote wakateuliwa wepesi, wembamba, wenye kasi ya kuwafuata wadakaji. Na walipokwisha kuwa wepesi, alitokea mtu wa kuwapita kwa nguvu. Katika msimu wa 2024 Saquon Barkley wa Philadelphia alikimbia na mpira yadi 2,005. Fainali ilipofika, tarehe 9 Februari 2025, Kansas City walijazana kumzuia. Walifaulu: Barkley alipata yadi 57 tu. Lakini watu waliokwenda kumzuia Barkley hawakuweza kuwa mahali pengine, na mrushaji Jalen Hurts akawakuta wadakaji wake wazi. Philadelphia ilishinda 40–22.

Mfano huu wa mwisho nilimweleza mwalimu, tukiwa tumeketi kwenye benchi la mama lishe, naye akauliza mara mbili kuhusu zile yadi 57. Ndizo zilizomgusa. Binafsi naona alikuwa na haki. Mashabiki wa mbio na mashabiki wa pasi huzungumza kana kwamba lazima mmoja ahame nyumba, ilhali mkimbiaji anayeogopwa ndiye anayemfungulia mwenzake njia, hata siku ambayo yeye mwenyewe hapati kitu. Tatizo la Runzewe haliko katika kupenda chenga. Wamarekani walihitaji kubadili kanuni ili pasi iwezekane; Runzewe kanuni zinaruhusu kila kitu, walakini ardhi inakataza. Kiwanja kile ni mwaka 1905 usio na maandishi.

Wala ukanda huu haukukosa watu wa kuuonyesha njia. Shinyanga iliwahi kuwa na Stand United katika Ligi Kuu, timu iliyoanzia kwa wapiga debe wa stendi, watu wa kazi kama za Runzewe. Na Mwadui, timu ya mgodi wa almasi. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Kutoka machimboni hadi juu ya Yanga! Runzewe walishangilia kama harusi. Ikaingia mashindano ya Afrika mwaka 2022, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Mpole akahamia Lupopo ya Lubumbashi. Na mwaka 2024 timu ikashuka daraja. Mabao 17 ya mshambuliaji hayatoki miguuni mwake peke yake. Lazima awepo anayemwona, na anayemwona lazima awe na imani kwamba mpira utafika.

Mashabiki wa zamani watakumbuka kwamba Sunday Manara wa Yanga, aliyekwenda kucheza Uholanzi katika miaka ya 1970, aliitwa Kompyuta. Nchi iliyokuwa na wakimbiaji wengi ilichagua kumtukuza mmoja kwa jina la ubongo. Mzee wa juu ya tairi alinikumbusha hilo mwenyewe, jioni ya pili, ingawa lilikuwa linamsaidia mpinzani wake. Kisha akaongeza kwamba Kompyuta naye alicheza kwenye majani.

Jumamosi palikuwa na mchezo wa ndondo dhidi ya timu ya kijiji cha jirani. Zawadi ilikuwa mbuzi. Kiwanja kilizungukwa na watu pande zote, na madereva wawili walichelewesha safari zao kwa makusudi. Kabla ya mchezo mwalimu alimvuta yule winga kando, akamwambia maneno niliyoyasikia: "Leo sikukatazi. Kimbia. Wakikufuata wawili endelea. Wakiwa watatu, inua kichwa, mwenzako atakuwa wazi."

Kijana alikimbia kipindi cha kwanza chote. Jirani waliingiwa na hofu, na kufika mapumziko walikuwa wamemwekea watu watatu, kila mmoja na maneno yake. Matokeo yalikuwa bila bao. Dakika kama ya sabini hivi alipokea mpira karibu na mstari, akamtoka wa kwanza, wa pili akamsogelea, wa tatu akatoka katikati kuja kumziba. Nilimwona akiinua kichwa. Katikati ya kiwanja mwenzake alikuwa peke yake, mbele yake kipa tu. Kijana alitoa pasi ya chini, nzuri, yenye nguvu ya kutosha, ambayo mchaguzi yeyote wa mjini angeiandika katika daftari lake.

Mpira ulifika kwenye njia ya miguu, ukaruka, ukapita juu ya goti la mwenzake, ukaenda kwa beki wa upande wa pili. Watazamaji walimzomea kijana. "Ungekwenda mwenyewe!" walipiga kelele. Mchezo uliisha bila bao, mbuzi akagawanywa kwa penalti, na jirani wakaondoka naye.

Mwalimu hakumlaumu kijana. Watu walipotawanyika alikwenda hadi pale mpira uliporukia, akachomeka kijiti, akahesabu hatua kutoka kijiti hadi golini, kisha kutoka kijiti hadi mstari wa pembeni. Mzee alimfuata polepole na fimbo yake.

"Sasa umeona," alisema mzee.

"Nimeona, mzee. Ametoa pasi."

"Ametoa," mzee alikubali. Akagusa mfereji kwa ncha ya fimbo. "Hii ni kazi ya majembe manne na toroli."

"Na watu wa mkaa wapite wapi?"

Jambo hilo lilijadiliwa Jumapili mchana, palepale, kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Kina mama walisema hawatazunguka kiwanja kizima na ndoo kichwani kwa ajili ya watoto wa watu. Wenye baiskeli walitaka njia yao iachwe, mpira ndio uhamishwe. Mwishowe ilikubaliwa kwamba njia ipite nyuma ya goli lililoinama, ambako ni mbali kwa hatua arobaini tu zaidi, na kwamba vijana wang'oe visiki viwili vilivyo huko kabla mtu yeyote hajakatazwa kupita pa zamani. Jumatatu alfajiri, nilipokuwa nikisubiri basi la Kahama, yule winga alinipita barabarani akisukuma toroli la kuazima lenye kifusi. Alisema kisiki kimoja kimekwisha toka, cha pili kina mizizi mirefu.